Duka linalouza mwenyewe akiwa amelala

Duka langu la kwanza ndani ya Minecraft, gemu la kujenga dunia kwa matofali, lilikuwa na ghorofa tatu, vioo mbele na chemchemi ya maji katikati. Lilinichukua siku tisa kulijenga. Wiki ya kwanza likauza mikate mitano. Pembeni yake mpwa wangu, mtoto wa darasa la sita, alikuwa na kibanda cha mbao chenye masanduku mawili na taa moja juu ya mlango, na kila Jumamosi ananisumbua nikamsaidie kukata miti kwa sababu mzigo umemwishia.

Siku moja nikamuuliza, kwa utani lakini roho inauma, ananishinda wapi.

"Shikamoo mjomba," akaanza kwanza, maana alijua atakachosema kitakuwa na chumvi. "Duka lako mtu akiingia hajui aanzie wapi. Halafu wewe mwenyewe haupo."

Hilo la "haupo" ndilo lililonifungua macho. Duka la mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, lina mtu ndani. Ukiuliza bei unajibiwa, ukitaka sukari robo unapimiwa, chenji ikikosekana unapewa pipi na maneno mawili ya kukutuliza. Duka la kwenye gemu linauza saa ambazo wewe uko kazini, uko msikitini au umelala. Kila neno ambalo muuzaji angelisema kwa mdomo, huku inabidi lisemwe na ukuta, sanduku na kibao. Nyumba nayo ni hivyo hivyo: wageni wanapita usiku wewe haupo, na wengine si wageni wazuri.

Mifano yangu mingi ni ya Minecraft kwa sababu ndiyo tunayocheza. Seva yetu, yaani kompyuta inayobeba dunia tunayocheza pamoja, ina watu kama kumi na sita, wengi wa Tanga mjini, wawili Muheza na watatu Mombasa. Ukicheza gemu jingine, badilisha majina ya vitu. Kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Ijue sheria ya ardhi kabla ya kuweka tofali

Watu wanajenga kwanza, wanauliza baadaye. Gemu hazifanani kwenye jambo hili. Ultima Online, iliyotoka mwaka 1997, ni mojawapo ya gemu za zamani zilizowapa wachezaji nyumba zao na wauzaji wa kuwasimamisha mlangoni, na tangu enzi hizo nyumba ambayo mwenyewe haji inachakaa mpaka inaanguka. Kwenye Final Fantasy XIV kila mtaa una viwanja 60 tu. Kuanzia mwaka 2022 viwanja vingi vinagawiwa kwa bahati nasibu, na usipotia mguu ndani ya nyumba yako kwa siku 45 inaweza kubomolewa. Mtu wa huko hawezi kuchukua likizo bila kuhesabu siku.

Minecraft yenyewe haina sheria ya ardhi. Inategemea mwenye seva ameweka nini. Seva nyingi, yetu ikiwemo, zinatumia programu ya nyongeza inayoitwa GriefPrevention: unashika sepetu ya dhahabu, unabofya kona moja ya eneo, kisha kona inayokabiliana nayo, na eneo linakuwa lako. Hapo ujifunze amri tatu na tofauti zake, maana wengi wanatumia moja kwa kila kitu. Amri ya /trust inampa mtu ruhusa ya kujenga na kubomoa kwako. Ya /containertrust inamruhusu kufungua masanduku lakini si kubomoa ukuta. Ya /accesstrust ni ya vitufe na vitanda tu. Rafiki anayekuja kulala usiku mmoja mpe ya tatu. Ya kwanza mpe mtu ambaye ungemwachia ufunguo wa nyumba yako ya kweli.

Hapo hapo angalia wateja wako wanatumia nini. Kwetu walio wengi wanacheza kwa simu, yaani toleo la Bedrock, wakati seva nyingi za zamani ni za Java, toleo la kompyuta, na matoleo haya mawili hayaongei moja kwa moja. Mwenye seva ya Java akiweka programu ya Geyser, wa simu wanaingia. Kama kompyuta zenu ni za kizamani na hela ya kununua gemu hakuna, ipo Luanti, ambayo mpaka mwaka 2024 ilikuwa inaitwa Minetest. Ni ya bure na mashine dhaifu inaibeba.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Pale wachezaji wapya wanapotokea sisi tunapaita Kange, kwa jina la stendi ya mabasi. Kila mtu anataka duka Kange. Matokeo yake maduka yanabanana, na mgeni anapita katikati yao mbio kama anayekwepa wapiga debe.

Mimi nimehamia kwenye lango la Nether, ile dunia ya pili ya moto ndani ya gemu, na sijutii. Sababu ni hesabu: hatua moja ndani ya Nether ni sawa na hatua nane za dunia ya kawaida, kwa hiyo kila anayesafiri mbali anapita huko. Weka duka ambapo mtu anatoka langoni akiwa amechoka, mkoba umejaa na shoka limekaribia kuvunjika. Huyo hahitaji kubembelezwa.

Mlango uwe na upana wa hatua mbili au tatu, na bidhaa ya kwanza ionekane kabla mtu hajaingia. Ghorofa futa. Hakuna mteja anayepanda ngazi kutafuta mkate.

Hatua ya 3: Uza kinachochosha

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuuza vitu adimu. Anaweka upanga wa almasi uliotiwa uchawi, bei ya kuruka, halafu anakaa anasubiri. Upanga mtu ananunua mara moja akakaa nao miezi. Kinachouzwa kila siku ni kile ambacho kila mtu anaweza kukipata mwenyewe ila kinamchosha.

Mfano mzuri ni zege. Ili upate vipande 8 vya unga wa zege unahitaji mchanga 4, kokoto 4 na rangi 1, kisha unga uguswe na maji ndipo ugande. Hakuna kigumu hapo. Lakini mtu anayejenga nyumba kubwa anataka mafungu ishirini. (Fungu nasema lile la vitu 64, idadi ambayo nafasi moja ya sanduku inabeba, tumelichukua kwa mama wauza nyanya wa Mgandini na limekaa vizuri.) Fungu moja la zege ni mchanga 32, kokoto 32 na rangi 8. Zidisha kwa ishirini uone kama utapenda kuchimba au utafungua pochi.

Fataki nazo. Wachezaji waliokwisha pata mabawa wanazitumia kujisukuma angani, na zinaisha kama vocha. Karatasi 1 na baruti 1 zinatoa fataki 3. Karatasi inatokana na miwa, kwa hiyo shamba la miwa nyuma ya duka ni nusu ya kazi. Baruti ndiyo inasumbua, mara nyingi inabidi uwaue Creeper, mazimwi yale yanayolipuka. Mimi sina moyo huo, nainunua kwa watoto wanaopenda fujo, na kila mmoja anapata anachotaka.

Vioo, magogo ya rangi zote, taa, nyama iliyopikwa: hivi navyo vinatoka. Vitabu vya uchawi vinalipa, hasa kile cha Mending kinachokarabati vifaa, ila angalia kwanza kama kuna mwanakijiji jirani, yaani mtu anayeendeshwa na gemu lenyewe, anayekiuza kwa zumaridi. Ukishindana na mwanakijiji utaumia. Mzigo wake unarudi wenyewe.

Tena uza kidogo kidogo. Mgeni wa siku ya kwanza hana hela ya fungu zima, ana hela ya mikate minane. Duka la mtaani linaishi kwa sabuni ya kipande na mafuta ya kupima, na la kwenye gemu ni vile vile. Mpwa wangu alikuwa anauza mbao nane nane. Hapo ndipo aliponishinda.

Hatua ya 4: Panga bei kwa saa ya ukutani

Wengi wanapanga bei kwa kuchungulia ya jirani na kupunguza sarafu moja. Jirani naye anapunguza moja. Baada ya wiki wote wawili mnauza zege kwa bei ya mchanga na mnanuniana.

Mimi nashika saa. Nikichimba mchanga, kokoto, nikasaga rangi na kugandisha, fungu moja la zege nyeupe linanichukua dakika 14. Kwangu dakika ni sarafu 2, basi fungu ni 28. Fataki fungu ni dakika 20 nikihesabu na muda wa kubembeleza baruti, kwa hiyo 40. Jirani akiuza zege kwa 20, namwachia. Labda ana mtambo bora kuliko wangu, au hajui kuhesabu, na kwa vyovyote mzigo wake utaisha. Wakati mwingine nanunua wote wa kwake na kuuweka kwangu.

Nusu fungu usiiuze nusu bei kamili. Fungu 28, nusu iwe 15. Ile sarafu moja ni ujira wa kupima.

Kama gemu lina ushuru, utie humo. Fallout 76 inakata asilimia 10 ya kila unachouza kwenye mashine ya kambini kwako. Kwenye EVE Online kuna ada ya dalali na kodi ya mauzo, na wanaofanya biashara kubwa pale Jita, soko kuu la gemu hilo, wanaishi kwa tofauti ndogo mno, kwa hiyo anayesahau ada moja anauza kwa hasara akidhani amepata.

Sasa nieleze nilivyoliwa.

Seva yetu inatumia ChestShop, programu ya nyongeza inayogeuza sanduku kuwa duka. Unabandika kibao juu ya sanduku au ubavuni mwake: mstari wa kwanza unauacha wazi, jina lako litajiandika, wa pili ni idadi, wa tatu ni bei, wa nne ni jina la kitu, au alama ya kuuliza ukitaka programu ikitambue chenyewe kilichomo sandukuni. Kwenye bei, herufi B ni kile mteja anacholipa akinunua kwako, na S ni kile unachomlipa wewe akikuuzia. Programu inaweza kukuzuia usiweke S kubwa kuliko B kwenye kibao kimoja. Haiwezi kukuzuia usiwe mjinga kwenye vibao viwili.

Nilikuwa na shamba la ngano, nauza ngano sarafu 1 kila moja. Ukuta wa pili nikaweka kibao cha kununua mikate kwa sarafu 4, nikiwaza nitaiuza kwa 6 kule langoni. Nikaenda zangu kulala. Ngano tatu zinatoa mkate mmoja. Jirani yetu mmoja, wa nyumba ya pili kutoka kwangu hapa hapa mtaani, akaliona. Akanunua ngano 192 kwa sarafu 192, akageuka kwenye meza ya kutengenezea, akapata mikate 64, akaniuzia mimi mwenyewe kwa sarafu 256. Faida 64 bila kutoka dukani. Akarudia mara kumi na moja. Asubuhi nikakuta sanduku la ngano tupu, sanduku la mikate limefura kwa mikate 704, na akaunti yangu imepungua sarafu 704 zile zile.

Nilimkuta jioni kwenye kahawa, anacheka mpaka kikombe kinamwagika. "Mgosi, mimi sijaiba. Mimi nimefanya biashara, na wewe ndiye uliyefungua duka."

Hakuwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya kubandika kibao cha kununua, chukua karatasi uandike kila kitu unachouza kinachoweza kugeuzwa kuwa hicho unachonunua. Ngano na mkate. Muwa na karatasi. Chuma na tofali la chuma, ambalo ni chuma 9. Magogo na mbao, ambapo gogo 1 linatoa mbao 4. Piga hesabu kwa kila jozi. Ukiona mteja anaweza kusimama katikati ya duka lako akapata faida bila kutoka nje, bei moja haijakaa sawa.

Neno la pembeni kuhusu hela ya kweli: mtu atakuja na ofa ya kukutumia kwenye simu ili umpe almasi. Usikubali. Gemu nyingi zinakataza kwenye masharti yake na akaunti inaweza kufungwa. Hata isipofungwa, siku mzigo ukipotea utadaiwa na mtu mzima mlangoni kwako, na hakuna admini wa kuamua.

Hatua ya 5: Ukuta useme

Kibao kimoja kina mistari minne, na mstari mmoja haupiti sana herufi kumi na tano. Andika kama unavyoandika ujumbe wakati chaji imebaki asilimia mbili. Hiki ni kibao changu cha maelezo, kinachokaa juu ya kile cha mauzo:

ZEGE NYEUPE
Fungu 64: 28
Nusu 32: 15
Mzigo: Ijumaa

Mstari wa nne ndio wenye kazi kubwa kuliko yote, na ndio watu wanaousahau. Mteja akikuta sanduku tupu mara mbili harudi mara ya tatu. Akijua mzigo ni Ijumaa, anarudi Ijumaa. Ukiandika Ijumaa basi iwe Ijumaa kweli. Bora uandike Jumapili ukaleta mapema.

Juu ya kibao weka fremu yenye kitu chenyewe ndani, kwa ajili ya wasiosoma haraka na wanaosoma lugha nyingine. Kisha lichungulie duka lako kupitia simu ya mtu, si kompyuta yako. Maandishi meusi kwenye mbao nyeusi hayaonekani kabisa kwenye skrini ndogo. Tumia mbao nyeupe, au paka kibao wino wa ngisi wa kung'aa ambao upo tangu mwaka 2021. Herufi zinawaka hata gizani. Nilipopaka vibao vyangu, wateja wa simu walioacha kuja wakarudi, na mmoja aliniuliza kama nimefungua duka jipya.

Mkopo? Kwenye maduka yetu kuna ile karatasi ya "kopa kesho, leo lipa". Iweke. Mimi nilikuwa na daftari la wadaiwa, nikaligeuza kuwa daftari la mauzo, na nilijuta kutofanya hivyo mapema. Kila Ijumaa naandika kilichoisha, kilichobaki na siku kilipoisha. Kitu kilichokaa wiki tatu bila kuguswa kinatoka rafu, hata kama nakipenda.

Na weka njia ya mteja kukuambia anachotaka. Tengeneza tundu ukutani, chini yake hopa, faneli inayomeza vitu, inayoingia kwenye sanduku lililofichwa. Mteja anaandika oda kwenye kitabu, au anaipa karatasi jina kwenye fuawe, anaiangusha juu ya hopa, inamezwa. Hawezi kutoa ya mwenzake, na hahitaji ruhusa yako kufungua chochote.

Hatua ya 6: Mzigo usikatike

Sanduku la kawaida lina nafasi 27, sanduku pacha 54, maana yake pacha linabeba vitu 3,456 vya aina moja. Kwa duka la mtu mmoja hilo linatosha. Ukitaka ghala dari ijaze rafu yenyewe, tumia hopa: chuma 5 na sanduku 1 unapata moja, nayo inashusha kitu kimoja kila sekunde 0.4, fungu zima kama sekunde 26. Usizijaze. Seva yetu iko kwenye kompyuta ya mezani ya mtu, chumbani kwake, na siku mmoja wetu alipoweka hopa karibu mia mbili, wote tulianza kutembea kama tunaogelea kwenye uji.

Hatua ya 7: Nyumba, na somo la boriti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba za kwenye seva nyingi ni kama mabanda ya kuegeshea ndege. Ukumbi wa hatua thelathini kwa thelathini, kitanda kimoja kwenye kona, masanduku yamepangwa ukutani kama gati la bandari. Mwenyewe haishi humo, anahifadhi tu.

Nenda kaangalie nyumba kongwe za pwani, au hata magofu ya Tongoni kusini mwa mji. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba virefu lakini vyembamba. Wembamba ule haukuwa mtindo tu, ulitokana na paa: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti imara haiwi ndefu. Chumba kikawa na upana wa boriti, mita mbili na nusu, tatu hivi. Fundi hakuwa na la kufanya, na ndani ya kikwazo hicho zikatoka nyumba ambazo mpaka leo ukiingia unatamani kukaa.

Kwenye Minecraft hakuna boriti inayokukatalia. Tofali moja ni mita moja na dari inaning'inia hewani bila nguzo. Basi jiwekee wewe mwenyewe sheria ya boriti: chumba kisizidi upana wa hatua tatu ndani, urefu utakavyo. Mbao za mikoko zimo tangu mwaka 2022, nyekundu nyekundu. Zipange darini zikipishana kwa nafasi ya tofali moja. Kuta zege nyeupe (ndiyo, ununue kwangu). Utashangaa vyumba vitatu vyembamba vinavyoonekana vikubwa kuliko ukumbi wako ule wa zamani, kwa sababu kila mlango unaficha kitu na jicho linataka kujua kilichoko mbele.

Kisha baraza. Nyumba ya Kiswahili ina mahali pa mgeni asiyeingia ndani, na hiki ndicho kitu ambacho nyumba ya kwenye gemu inakihitaji kuliko zote, maana wanaobisha hodi ni wengi na wewe haupo. Mbele ya mlango jenga kibaraza cha upana wa hatua mbili chenye paa. Weka hapo ngazi za mawe za kukalia, meza ya kutengenezea vitu, tanuri, na sanduku moja la sadaka lenye mikate na taa chache. Hapo kila mtu ana ruhusa. Mvua ikinyesha watu watasimama hapo, na wakisimama watasoma vibao vya duka lako, ambalo mlango wake unafunguka kwenye baraza hilo hilo. Mimi duka na nyumba yangu vinagawana ukuta mmoja, kama maduka ya barabara za namba hapa Ngamiani: mbele biashara, nyuma familia.

Ndani ya mlango uwe ukumbi wa marafiki. Baada ya hapo ndiyo chumba chako, na nyuma kabisa uani: shamba la miwa, kuku, kisima. Ruhusa za hatua ya 1 zifuate kuta hizi. GriefPrevention inakuwezesha kugawa eneo dogo ndani ya eneo kubwa na kulipatia ruhusa zake, kwa hiyo baraza linakuwa wazi huku chumba kimefungwa.

Usinunue mapambo mpaka umeishi wiki mbili. Utagundua unapita wapi, na nusu ya ulivyotaka kupamba viko mahali ambapo hakuna anayetazama.

Hatua ya 8: Usalama

Mwanga kwanza. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, mazimwi mengi ya usiku yanazaliwa pale tu ambapo mwanga ni sifuri kabisa. Mwenge unatoa 14 na unapungua kwa moja kila hatua, kwa hiyo taa chache zinatosha. Shida ni paa na uvungu wa ngazi, ambako watu hawakumbuki. Creeper akilipuka mlangoni anaondoka na sanduku na kibao chake, na mzigo unabaki umetapakaa njiani kwa mpita njia.

Vitu usivyotaka kuvipoteza kamwe viweke kwenye sanduku la Ender. Kila mchezaji akilifungua anaona vyake tu, hata likiwa la jirani, na mtu akilivunja hapati chako.

Kama seva iko kwenu, nakili folda ya dunia kila siku uiweke kwenye flashi. Sisi tulijifunza mwezi wa nne, mvua za masika. Umeme ulikatika wakati dunia inajihifadhi, uliporudi nusu ya soko ilikuwa imerudi nyuma siku mbili na nusu nyingine haikufunguka. Tuliokuwa na nakala ya Jumatano tukaanzia Jumatano. Betri ndogo ya kuishikilia kompyuta dakika kumi inatosha kuizima kwa heshima.

Hatua ya 9: Ukiondoka, waambie

Mitihani, safari, Ramadhani, bando limekata: kuna siku hutaingia. Usiache duka nusu tupu. Hamisha mzigo wote kwenye ghala, ng'oa vibao vya kununua ili akaunti isinyonywe, acha tundu la oda likifanya kazi, na umwachie mtu mmoja kazi ya kuangalia baraza tu, ili asiyazoee masanduku ya ndani. Kama gemu lako linahesabu siku, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwenu.

Ramadhani iliyopita nilibandika kibao kimoja mlangoni: Nimefunga. Rafu hazina kitu. Narudi baada ya Idi. Oda angusha hapa. Tarehe nne Mfunguo Mosi nilifungua lile sanduku lililofichwa nikakuta karatasi ishirini na tatu. Kumi na nne zilikuwa za fataki.